Laptopu ya mtumba, moyo wa halali

Nilikikuta kitabu changu juu ya mashine ya fotokopi. Ilikuwa stesheneri moja ya hapa Dar es Salaam, jirani na chuo, nami nilikuwa nimeingia kuchapisha barua ya kurasa mbili. Kijana wa dukani alikuwa amekipasua kitabu mgongo ili kurasa zilale vizuri kwenye kioo. Pembeni palikuwa na nakala kadhaa zilizokwisha kubanwa, na mwanafunzi aliyeziagiza alikuwa akihesabu noti. Alilipa, akazitia mkobani, akatoka. Sikusema neno.

Nilifika nyumbani moyo ukinichemka. Nikafungua laptopu, nikaanza kuandika makala kuhusu wizi wa jasho la waandishi. Nikaitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nikaeleza miaka niliyokaa na mswada ule, usiku baada ya usiku. Nilipofika aya ya tatu, chini ya skrini upande wa kulia yakajitokeza maandishi ya kijivu yakinitaka niihalalishe Windows yangu. Maandishi hayo nilikuwa nimeyaona mara nyingi mno, mpaka macho yakazoea kuyaruka. Usiku ule sikuweza kuyaruka.

Windows ile sikuinunua. Programu ya kuandikia niliyokuwa nikiitumia kumlalamikia kijana wa stesheneri, nayo sikuinunua. Na sheria ileile inayokilinda kitabu changu inazilinda pia programu za kompyuta. Nilifunga laptopu, na makala ile sikuimaliza hadi leo. Hii ndiyo niliyoiandika badala yake, miezi kadhaa baadaye, kwenye laptopu ileile, kwa mfumo ambao wenyewe walioutengeneza wameniruhusu kuutumia.

Mashine iliyofika na meli

Laptopu hiyo niliinunua Kariakoo kwa shilingi 450,000, ikiwa mtumba kutoka Ulaya. Wengi wetu ndivyo tunavyopata kompyuta. Ofisi za huko hubadilisha vifaa vyao kila baada ya miaka michache. Vinavyotolewa hukusanywa, hufutwa, hupakiwa kwenye makontena, na sisi tunavikuta vimepangwa kwenye makabati ya vioo, magamba yamekwaruzika kidogo lakini ndani vizima. Yangu ina kibandiko cha mali ya ofisi ambacho hakijabanduka chote. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha 5, ya mwaka 2015. RAM ilikuwa gigabaiti 4, na diski yake ilikuwa ile ya kuzunguka, gigabaiti 500.

Siku ya kuinunua, fundi aliniuliza swali moja tu: "Nikupigie Windows gani, mzee?" Kupiga Windows, kwa lugha ya mafundi wetu, ni kuifuta mashine na kuiwekea mfumo upya. Alichomeka flashi, kisha akaendesha kiprogramu kidogo kinachoidanganya Windows iamini kwamba imelipiwa. Haikupita saa, kazi ikawa imekwisha. Nililipa shilingi 15,000, pamoja na programu za ofisi. Inawezekana kabisa kwamba leseni halali ya mwenye mashine wa kwanza ilikuwa bado imo ndani. Fundi hakuangalia, nami sikumwomba aangalie. Simlaumu. Alifanya nilichomlipa.

Naeleza haya yote kwa sababu najua si historia yangu peke yangu. Ukiingia ofisi nyingi ndogo, shule nyingi, nyumba nyingi za mji huu, utayakuta yale maandishi ya kijivu kwenye pembe ya skrini. Tumeishi nayo muda mrefu mpaka tunayaona kama sehemu ya kompyuta.

Oktoba 14

Mgogoro wangu wa dhamiri ulikutana na kalenda. Windows 10, iliyotoka Julai 29, 2015, ilifika mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka: kila mfumo endeshi una nyufa zinazogunduliwa mwezi baada ya mwezi, na mtengenezaji huzituma dawa zake kupitia masasisho. Masasisho yakikoma, nyufa zinaendelea kugunduliwa, ila aliyekuwa akija kuziba haji tena. Anayeendelea kuja ni mwizi.

Microsoft ilifungua mlango wa mwaka mmoja wa ziada kwa watu binafsi, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au kwa masharti mengine yasiyo ya fedha. Njia kuu iliyopendekezwa ilikuwa kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, una masharti ya mashine. Unataka TPM 2.0, kijisehemu cha ndani kinachotunza funguo za siri. Na kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia, kwa kiasi kikubwa, kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kizazi cha 5 hakimo.

Kwa nchi inayonunua kompyuta zilizokwisha tumika, sharti hilo ni zito. Mashine ambayo Ulaya inaonekana ya zamani, kwetu ndiyo kwanza inaanza maisha. Nilirudi Kariakoo kupiga jicho: makabati yalikuwa na kizazi cha 4, cha 5, cha 6, na cha 7. Zote zinawaka. Zote zinaweza kuandika kitabu, kufundishia darasa, kutunza hesabu za duka. Na leseni ya Windows 11 Home, ambayo Microsoft huiuza kwa dola 139, ni zaidi ya shilingi 300,000. Ningelipa karibu bei ya laptopu yenyewe, kwa mfumo ambao laptopu yenyewe haipokei.

Mpwa wangu na flashi yake

Jumamosi moja alikuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma takwimu mwaka wa pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Alinikuta naitazama laptopu kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nilipomweleza, akatoa flashi kwenye pochi. "Mjomba, mashine hii haijafa. Iliyokwisha ni huduma ya Windows 10. Weka Linux." Yeye na wenzake darasani wanaitumia kwa kazi zao za takwimu. Nikamwuliza swali ambalo kila mtu huuliza: ni bei gani, na nani ameiiba? Akacheka. "Haijaibwa, mjomba. Wenyewe wanataka uichukue."

Sikumwamini. Nimezeeka kwenye biashara ya maandishi. Najua hakuna anayefanya kazi ya miaka mingi na kuitoa hivihivi. Ilibidi nisome mwenyewe.

Nilichokisoma kiliniweka macho usiku mzima. Mnamo Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman, mtaalamu wa programu aliyekuwa kwenye chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo kamili wa kompyuta, unaoitwa GNU, ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza ndani, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Miaka minane baadaye, Agosti 25, 1991, kijana wa miaka 21 huko Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo endeshi kama burudani tu. Alichokiandika kilikuwa kiini, sehemu ya katikati inayozungumza na vyuma vya mashine, na kilikuja kuitwa Linux. GNU ilikuwa na viungo vingi lakini kiini chake hakijakamilika. Linux ilikuwa kiini kisicho na viungo. Vikakutana.

Kilichonishika zaidi ni leseni. Mimi nilidhani watu hawa wanaipinga hakimiliki. Kumbe wanaitegemea. Mwaka 1989 Stallman alitoa leseni iitwayo GPL, na Torvalds akaikubali kwa ajili ya Linux mwaka 1992. Leseni hiyo inasema hivi: hii ni kazi yangu, sheria inanipa mamlaka juu yake, na kwa mamlaka hayo nakuruhusu uitumie kwa shughuli yoyote, uifungue uone inavyofanya kazi, uirudufu umpe jirani, uibadilishe na kutoa toleo lako. Sharti ni kwamba ukiigawa, nawe uwape wengine ruhusa hiyohiyo niliyokupa. Ukivunja sharti, umevunja hakimiliki, na unaweza kushtakiwa kama mwizi wa kitabu.

Mwandishi ndani yangu aliielewa hoja hiyo mara moja. Kinachotenganisha nakala ya kijana wa stesheneri na nakala ya mpwa wangu ni kauli ya mwenye kazi. Mmoja hakuniuliza. Mwingine aliruhusiwa kabla hajaomba.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Simu zote za Android, hizi tulizonazo mifukoni, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Helikopta ndogo Ingenuity, iliyoruka kwenye sayari ya Mars kwa mara ya kwanza Aprili 2021, nayo ilitumia Linux. Nilikuwa nimeitumia kwa miaka mingi kwenye simu pasipo kujua jina lake.

Kiini peke yake hakimtoshi mtu wa kawaida. Ndiyo maana wapo wanaokusanya kiini, dirisha, programu na vifaa vingine, wakavifunga pamoja. Mafurushi hayo huitwa distro. Debian ilianza mwaka 1993. Juu yake ikajengwa Ubuntu, ambayo toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini. Jina hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Kwetu ni utu. Na juu ya Ubuntu, mwaka 2006, ikaanza Linux Mint, ambayo mpwa wangu alinichagulia kwa sababu menyu yake ipo chini kushoto, saa ipo chini kulia, na mtu aliyezoea Windows hapotei.

Usiku wa kuhama

Tulianza na akiba. Nilinakili miswada mitatu, picha za familia, barua na madokezo kwenye diski ya nje, kisha mara ya pili kwenye diski ya dada yangu. Mpwa wangu alikuwa mkali hapa. Alinitaka nifungue mafaili kumi kwa kubahatisha ndani ya ile diski nione kama yanafunguka kweli. Nakala isiyojaribiwa, alisema, ni matumaini tu.

Faili la Linux Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3. Kwa bando la nyumbani hilo ni gharama, hivyo alilipakua chuoni. Kabla ya kulitumia alilipima kwa SHA-256, hesabu inayolipatia faili alama ya herufi na tarakimu 64, kisha akailinganisha na ile iliyotolewa na wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika au limeguswa. Nilidhani ni ubishi wa kisomi mpaka aliponieleza kwamba Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakawaelekeza watu kwenye faili lililotiwa mlango wa siri. Tangu hapo sipakui kitu bila kukipima.

Faili lile halinakiliwi tu kwenye flashi kama picha. Linaandikwa kwa programu maalumu, kama Rufus au balenaEtcher, na kila kilichokuwemo kwenye flashi kinafutika. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha. Kisha unaizima laptopu, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa mashine nyingine ni F12, nyingine F9, nyingine Esc.

Hapa ndipo nilipopata faraja ya kwanza. Linux ilifunguka yote, ikiwa na kivinjari, programu ya kuandikia na kicheza muziki, ikitokea kwenye flashi, na diski yangu haijaguswa. Unaweza kuijaribu saa nzima, ukiikataa unachomoa flashi na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Sijui duka gani la nguo linakuruhusu kuvaa shati mpaka sokoni na kurudi kabla ya kuamua.

Majaribio hayo ndiyo yaliyotuonyesha tatizo. Sauti ilitoka, skrini ilikuwa safi, kipanya kilifuata mkono, lakini Wi-Fi haikuonekana kabisa. Kadi ya Wi-Fi ndani ya laptopu yangu imetengenezwa na kampuni ambayo kiendeshi cha kadi hiyo si huria, kwa hiyo hakikuwa tayari kwenye mfumo, ilibidi kipakuliwe. Lakini utakipakua vipi bila intaneti? Mpwa wangu alichukua simu yangu, akaiunganisha na laptopu kwa waya wa kuchajia, akawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Papo hapo laptopu ikapata mtandao kupitia simu. Tukafungua sehemu ya viendeshi, ikatuonyesha kinachokosekana, tukakiweka, Wi-Fi ikaamka. Mtu yeyote atakayekwama hapo akumbuke waya wa simu.

Kisha likaja swali lenyewe: kuiweka Linux kando ya Windows, au kufuta diski yote? Kukaa na yote mawili ni jambo la busara kwa mwenye Windows halali na kazi inayoitegemea. Mimi sikuwa na halali ya kubakiza. Nilichagua kufuta. Niliushikilia mkono juu ya kitufe kwa muda, nikafikiria miaka minne ya kazi iliyopita kwenye mfumo ule, kisha nikabonyeza. Dakika ishirini na kitu baadaye laptopu ilijiwasha upya, ikaniuliza nywila niliyojichagulia, na kwenye pembe ya chini kulia ya skrini yale maandishi ya kijivu hayakuwepo tena.

Mwezi wa kwanza

Ningekuwa mwongo nikisema kila kitu kilinyooka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama siku kadhaa.

Shida kubwa ilikuwa mafaili ya Word. LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Linux Mint, inayafungua na kuyahifadhi. Lakini mswada wa kurasa 212 ulifunguka ukiwa na kurasa 219, vichwa vya sura vimeteleza, na jedwali moja limevunjika. Chanzo kilikuwa fonti. Fonti tulizozizoea ni mali ya wenyewe na haziji na Linux. Badala yake kuna fonti huria, kama zile za familia ya Liberation, zilizochorwa kwa makusudi zikiwa na upana sawa, herufi kwa herufi, na Times New Roman na Arial. Mswada wangu ulikuwa na fonti nyingine tatu zaidi, nilizozichanganya ovyo kwa miaka. Niliusafisha, nikaupanga kwa mitindo ya vichwa badala ya kubonyeza nafasi kwa mkono, na tangu hapo unasafiri salama. Nakala ya mwisho ninayompelekea mchapishaji naituma kwa PDF.

Kasi ilinishangaza, ila lazima nisimulie kwa haki. Zamani niliwasha mashine nikaenda kuchemsha chai. Sasa iko tayari kabla maji hayajapata moto. Lakini sehemu ya uzito ule wa zamani ilitokana na takataka zilizoingia pamoja na kiprogramu cha kudanganyia leseni. Programu iliyovunjwa kufuli huwezi kujua aliyeivunja amekuachia nini ndani. Na baadaye nilipobadilisha diski ya kuzunguka nikaweka SSD, na kuongeza RAM ikafika gigabaiti 8, tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kwa mwenye laptopu ya mtumba, SSD na Linux ni dawa mbili zinazokwenda pamoja.

Kuna jambo moja dogo ambalo wasomaji wa mjini watalielewa haraka. Flashi ikishapita stesheneri, hurudi na ugonjwa: folda zako zimepotea, mahali pake pamejaa vifupisho vyenye majina yaleyale, na ukikibofya kimoja, virusi vinaingia kwenye mashine. Nimeona wanafunzi wakilia, wakidhani tasnifu zao zimefutika. Flashi hiyohiyo niliichomeka kwenye Linux. Vile vifupisho vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo havikufanya lolote. Na folda za asili, ambazo virusi vilizipa alama ya kufichwa, zilionekana wazi, kwa sababu Linux kwa kawaida haijali alama hiyo ya Windows. Nilivifuta vifupisho, nikamrudishia mwanafunzi wa jirani kazi yake yote. Hii haina maana kwamba Linux haina wadudu au haihitaji masasisho. Kila programu ina nyufa. Ila masasisho yake nayapata kila wiki, na mfululizo huu wa Mint, namba 22, umeahidiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2029. Kufikia hapo laptopu yangu itakuwa na miaka 14.

Watu huogopa lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Katika mwezi wa kwanza nililitumia mara mbili tu. Programu zinachukuliwa kutoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, zimekwisha kukaguliwa, unabofya na kusubiri. VLC ya kutazamia video, GIMP ya picha, Audacity ya sauti: zote zimo, zote halali.

Kiswahili ndani ya mashine

Furaha ambayo sikuitarajia ilitokea siku nilipoweka kamusi ya tahajia. Kwa miaka mingi skrini yangu ilikuwa nyekundu: kila neno la Kiswahili lilipigiwa mstari kana kwamba lugha nzima ni kosa. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, inayotolewa bure. Nikaiwasha. Mistari myekundu ikafutika kwenye ukurasa kama mvua iliyokatika, ikabaki chini ya makosa yangu ya kweli.

Mizizi ya jambo hili ipo hapahapa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wanaisimu na wataalamu wa kompyuta walikaa meza moja kutafutia maneno mambo ambayo lugha ilikuwa haijayataja. Hawakuhitaji kuiandikia kampuni yoyote barua ya kuomba. Leseni ilikwisha kuwaruhusu. LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, bado ina Kiswahili kati ya lugha zake.

Kazi hiyo haijakamilika. Kwenye Linux Mint utakuta sehemu imetafsiriwa na sehemu bado ni Kiingereza, kwa sababu wanaotafsiri ni watu wa kujitolea na wetu ni wachache. Hapa nasema na walimu wa Kiswahili wa vyuo vyetu, kutoka Dodoma hadi Nairobi, kutoka Zanzibar hadi Bujumbura. Kila mwaka mnawapa wanafunzi kazi za tafsiri zinazoishia kabatini. Wapeni menyu hizi. Tafsiri yao itatumika, itasahihishwa na wengine, na mtoto wa shule ya kata atakayewasha kompyuta atakutana na lugha yake. Tunasema Kiswahili kimekua. Basi kikae pia mahali ambapo watu wanafanya kazi zao kila siku.

Nani ahame

Simwambii kila mtu afute Windows kesho. Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia Tally, mchoraji ramani anayeishi kwa AutoCAD, mbunifu anayepokea mafaili ya Photoshop kutoka kwa wateja: programu hizo hazina toleo la Linux, na mbadala wake unaweza kukugharimu mkate. Kuna programu iitwayo Wine inayowezesha baadhi ya programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, lakini usiijengee maisha kabla ya kuijaribu. Mwenye kazi ya namna hiyo alipie leseni yake, au aweke mifumo yote miwili.

Lakini mwanafunzi anayeandika, kusoma na kutafuta habari, mwalimu anayetunga mitihani, mwandishi, mchungaji anayeandaa mahubiri, mwenye duka anayetunza jedwali la mauzo, mzee anayewasiliana na watoto walioko ng'ambo kwa kivinjari: hawa wote kazi zao zimo ndani ya Linux tayari. Waanze kwa flashi bila kugusa diski. Wajaribu Wi-Fi, sauti, printa na kamera. Waweke akiba mara mbili. Wakishahama, wasiwe peke yao. Watafute mtu mmoja aliyetangulia, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Na shule zenye maabara ya kompyuta za msaada zilizofunikwa vitambaa kwa sababu "zimezeeka" zifunue vitambaa hivyo. Nyingi kati ya mashine hizo zina RAM ya kutosha kumfundisha mtoto kuandika, kuhesabu na hata kutunga programu, bila shule kulipa leseni na bila kumfundisha mtoto, katika somo lake la kwanza la kompyuta, namna ya kuvunja kufuli la mtu.

Nakala ya Kariakoo

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa fundi wangu kutafuta betri. Akaiwasha laptopu kuijaribu, akaitazama skrini. "Mzee, hii Windows gani?" Nikamweleza. Akafungua menyu, akapitapita, akauliza kama inakubali mashine za kizazi cha 3, maana anazo tano stoo ambazo wateja hawazitaki tena. Nikamwambia inakubali. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu cha magendo, kama ninaweza kumrudufia.

Nilikuwa na flashi ya mpwa wangu mkobani. Nilikaa kwenye kigoda chake wakati faili lile la gigabaiti 3 likinakiliwa, mstari wa kijani ukisogea taratibu kwenye skrini, na nje watu wakipita na mizigo. Kitendo chenyewe ni kilekile nilichokiona stesheneri: kazi ya mtu imewekwa kwenye mashine, inatoka nakala, inakwenda kwa mtu mwingine. Ila safari hii nilikuwa nimekaa kitako, sina kinyongo na sina hofu, kwa sababu wenye kazi walikwisha kusema ndiyo.

Mstari ulipofika mwisho fundi alichomoa flashi, akataka kunilipa. Nikamkatalia. Nikamwambia awape na wenzake wa duka la pili.